STAA WA MIKEKA YA GOFU NA VIJANA WA MWISENGE: UKICHANA WEWE, YEYE ANAKULA

Wadau, kuna staa mmoja wa mitandaoni, jina kapuni, yule mwenye gari jeupe na picha za hotelini kila wikiendi. Siku hizi ameacha kutangaza mawigi, kahamia kwenye gofu. Hachezi lakini. Anauza majina ya wachezaji. Kila Jumatano usiku anatuma kwenye grupu lake la VIP "vichwa 8 vya moto" vya wiki hiyo. Kuingia ni 5,000 kwa wiki. Alhamisi asubuhi ukipita kijiwe cha bodaboda Mwisenge unakuta watu wazima wanabishana Mhispania gani yuko fomu.

Gofu, jamani! Mwisenge hii hii ya dagaa na sato, yenye shule ya msingi aliyosoma Mwalimu Nyerere. Mtaa ambao ukitaja mchezo watu wanakumbuka Biashara United ilivyopanda Ligi Kuu mwaka 2018. Wengi wanaotuma hiyo 5,000 hawajawahi kuona uwanja wa gofu hata kwa mbali. Lugalo iko Dar, Kili Golf iko kule Usa River, Arusha. Kibanda umiza gani Musoma kinaonesha gofu? Hakuna. Mtu anakaa na simu kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili ana-refresh orodha ya majina asiyoweza hata kuyatamka, bando linaisha anaomba la jirani.

Mzee mmoja pale mwaloni alimuuliza kijana wake, "Mura, huyo uliyemuwekea hela yuko timu gani?" Kijana akajibu, "Baba, hawa hawana timu, kila mtu anacheza kivyake." Mzee akacheka, akasema basi huyo akiumwa tumbo tu hela yako imekwenda. Mzee hajui gofu, ila kapiga mule mule.

Mpira angalau kijana wa kitaa ana anachokijua. Anajua kipa kaumia, anajua kocha kafukuzwa, na mechi ina matokeo matatu tu. Gofu unachagua mtu mmoja kati ya zaidi ya 140. Wanacheza mashimo 18 kwa siku, siku 4, mwenye mikwaju michache ndiye bingwa. Ijumaa kuna mchujo, zaidi ya nusu wanarudi nyumbani, na mkeka wako unaweza kufa hapo kabla hata wikiendi haijaanza. Upepo ukibadilika mchana, walioanza asubuhi wanakuwa wamekula bata na walioanza mchana wanaumia. Hilo staa analijuaje Jumatano usiku?

Chukua mfano wa karibu. Kenya Open inachezwa Nairobi, unavuka Sirari tu umefika. Iliingia kwenye ziara kubwa ya Ulaya mwaka 2019, na bingwa wa mwaka huo alikuwa Guido Migliozzi wa Italia. 2020 haikuchezwa kwa sababu ya korona. 2021 Justin Harding wa Afrika Kusini, 2022 Wu Ashun wa China, 2023 Jorge Campillo wa Hispania, 2024 Darius van Driel wa Uholanzi, 2025 Jacques Kruyswijk, Afrika Kusini tena. Mabingwa 6, mataifa 5, hakuna aliyerudia. Sasa sikia hii: watatu kati yao, Migliozzi, van Driel na Kruyswijk, walikuwa hawajawahi kushinda taji lolote la ziara hiyo kabla ya siku ile. Nusu ya mabingwa ni watu ambao mtu wa "fomu" na "rekodi" angewaruka.

Na wale wenye majina makubwa? Tiger Woods ana mataji 82 ya PGA Tour, hakuna aliyemzidi. Kayapata kwenye mashindano zaidi ya 350. Yaani bora kuliko wote, na bado ukimuwekea kila mara ulikuwa unachana zaidi ya mara 3 kati ya 4. Rory McIlroy alikaa tangu 2014 mpaka Aprili 2025, aliposhinda Masters, bila taji hata moja la yale makubwa manne, na kila mwaka wajuzi walikuwa wanampa. Hao ni wajuzi wanaolala viwanjani. Staa wetu analala wapi kila mtu anaona kwenye picha.

Mashabiki wake watasema mbona kuna wiki alitaja bingwa, mkeka ukatiki, watu wakala mpunga. Ni kweli, ilitiki. Ukitaja majina 8 kila wiki, mwaka mzima, lazima moja likupate. Hata mama muuza maandazi akichagua kwa kufumba macho litampata siku moja.

Hesabu ni hii. Kijana anaweka 1,000 kwa kila jina, majina 8, hiyo 8,000. Ongeza 5,000 ya VIP, jumla 13,000 kwa wiki. Wiki 10 ni 130,000. Tuseme majina yake yana odi ya 26 kila moja. Likitiki moja unapata 26,000, kabla ya kodi ya ushindi kukatwa. Kwa hiyo ili urudishe hela yako tu, bila faida, inabidi atiki wiki 5 kati ya 10. Lakini odi ya 26 maana yake kampuni yenyewe inasema huyu ana nafasi 1 kati ya 26, kwa hiyo majina 8 hayafiki hata theluthi moja. Wiki 3 kati ya 10, basi. Unarudi na 78,000, umeacha 52,000 mezani. Na hapo kampuni imeshajipendelea, maana ukijumlisha nafasi za wachezaji wote kwa odi zake inavuka 100 kwa 100, na ile ziada ndiyo ugali wake.

Akiona watu wanalalamika anawaambia wawekee "5 bora" badala ya bingwa. Hawaambii kwamba wachezaji watatu wakifungana kwenye nafasi ya 5, kampuni nyingi zinagawanya malipo kwa tatu. Kijana anaona ametiki, anaangalia salio, anadhani kaibiwa.

Sasa yeye anakula wapi? VIP ni vocha tu. Mzigo uko kwenye ile link anayowasisitiza wajisajili nayo, "usitumie nyingine, haitatiki". Kampuni za kubeti hulipa kamisheni kwa anayeleta wateja. Wengine hulipwa kwa kila kichwa, wengine hulipwa asilimia ya kile ambacho wateja wao wanapoteza. Isome tena hiyo ya mwisho. Anayekuchagulia majina anaweza kuwa analipwa kwa wewe kuchana.

Kampuni zina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha juu yao, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Grupu la WhatsApp nani anauliza umri? Humo kuna madogo wa kidato cha tatu. Na kuna jamaa mmoja wa mwaloni, naye jina kapuni, alikabidhiwa na mama yake hela ya dagaa ya kurudisha kwenye kikoba. Iliishia kwenye vichwa 8 vya moto, akaziba kwa mkopo wa kausha damu, na mpaka leo mama anapitia njia ya nyuma asikutane na wenzake wa kikoba. Kampigia staa simu mara ngapi sijui, jibu lilikuja moja: "Mwanangu, kubeti ni uvumilivu."

Staa akisema anaonewa, dawa ni rahisi. Aweke hadharani majina yote tangu Januari, odi zake na matokeo yake, bila kufuta. Kwa sasa kila Jumatatu ujumbe wa wiki iliyopita unafutwa, inabaki screenshot ya ule mkeka mmoja uliotiki.

Kama upo Mwisenge, Makoko, Bunda au Butiama na umekaa humo miezi 3, tupia hesabu yako hapo chini. Ulicholipa na ulichopata. Vyote viwili.