Acheni kuwasema wacheza Solitaire

Mwaka 2006 meya wa New York wakati huo, Michael Bloomberg, alitembelea ofisi ya jiji lake iliyoko Albany, akaona karata kwenye skrini ya mfanyakazi mmoja. Jamaa akafukuzwa kazi. Wadau, hapo mimi na meya tunapishana kabisa. Kwa nini asingeuliza kwanza kama kazi ya siku ile imekamilika? Mbona anayepiga soga saa nzima mezani kwa katibu muhtasi hafukuzwi?

Eti mchezo wenyewe ni wa kubofyabofya tu. Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuumaliza.

Karata ni 52. Unapanga safu saba: ya kwanza karata moja, ya pili mbili, mpaka ya saba. Jumla 28, na ile ya mwisho tu katika kila safu ndiyo iliyofunuliwa. Zile 24 zilizobaki ni za akiba. Safu zinashuka kwa kupishanisha rangi: tisa ya kopa juu ya kumi ya shupaza, nane ya pau juu ya tisa hiyo. Ree zinakwenda juu, kila aina na fungu lake, kisha mbili, tatu, hadi mfalme. Mafungu manne yakitimia, umeshinda.

Watu wanapokwama ni kwenye papara. Mtu anakimbilia akiba kabla hajaitazama meza! Fungua kwanza zilizofunikwa, hasa kwenye safu ndefu. Usimalize safu kama huna mfalme wa kuiweka, maana nafasi tupu haipokei karata nyingine. Na usiharakishe kupandisha. Ukishapeleka juu tano ya uru, nne ya pau utaikalisha wapi?

Hata ukicheza kwa akili zote, kuna mpangilio usiofunguka. Watafiti waliokokotoa kwa kompyuta walipata kuwa ukichota akiba tatu tatu, takriban asilimia 82 ya mipangilio inashindika, tena kwa anayeziona karata zote tangu mwanzo. Sisi tunaobahatisha kilichofunikwa tunaambulia pungufu ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo ukikwama, anza upya bila kununa.

Cha kuchekesha, toleo la Windows liliandikwa na Wes Cherry akiwa kijana wa mafunzo kwa vitendo pale Microsoft. Lilitoka na Windows 3.0 mwaka 1990, karata zikiwa zimechorwa na Susan Kare, na wengi walijifunzia humo kuburuta vitu kwa kipanya. Cherry hakulipwa mrabaha. Amesimulia pia kwamba aliweka kitufe cha kuficha karata bosi akitokea, kampuni ikamwambia akiondoe.

Yule jamaa wa Albany angekihitaji sana.