Porsche 917 na barabara za kwetu Igowole

Jana usiku chumbani kwetu hatukulala kwa ubishi. Rumeti wangu kabandika picha ya Porsche 917 juu ya kitanda chake, anasema hakuna uhandisi wa gari uliowahi kufikia pale. Mi nilibisha, na naendelea kubisha hapa.

Haki yake nimpe kwanza. Gari hilo lilishinda Le Mans, mbio za saa 24 kule Ufaransa, mwaka 1970 na 1971. Lile la 1970 lilikuwa na injini ya silinda 12, lita 4.5, inapozwa kwa upepo wa feni, rejeta hakuna. Fremu ni mabomba ya alumini, na jamaa waliyajaza gesi: presha ikishuka, ujue kuna mahali pamepasuka. Hiyo nimeipenda kweli, nitaifundishia fizikia. Mpaka kishikio cha gia walitumia mbao ya balsa ili kupunguza uzito. Sisi watu wa Mufindi, na mbao zetu zote, nani aliwahi kuwaza hilo? Hahaha!

Ila jamani, kile chombo ni cha lami. Porsche haohao mwaka 1978 walileta 911 kwenye Safari Rally ya Kenya, wakainyanyua sentimita 28 kutoka ardhini, wakaivalisha na bamba tumboni. Ikashika nafasi ya pili. Iliyoshinda? Peugeot 504. Pijo! (Najua, ilikuwa kupe ya V6, siyo ile ya teksi. Msinirushie mawe.)

Sasa mi naona uhandisi haupimwi kabla hujauliza barabara. Masika iliyopita natoka nyumbani kuja kufanya testi, Noah tuliyopanda ikagonga jiwe kabla hatujafika Igowole, tanki likatoboka. Petroli inamwagika, mama mmoja na mtoto mgonjwa mgongoni analia. Dereva akaomba sabuni ya mche kwa abiria, akaifinyanga na maji kidogo, akaziba tundu. Tukafika. Mtoto akapelekwa kutibiwa, na mimi testi nikaingia nimechelewa dakika ishirini tu.

Yule dereva hana picha ukutani kwa mtu. Nikianza kufundisha, wanafunzi wangu watachora 917 na ile Noah kwenye ubao mmoja, waniambie presha imefanya nini kwenye kila moja.

Rumeti kasoma hii kabla sijaiweka, anasema kuziba kwa sabuni siyo uhandisi. Haya, ubishi umeanza upya, na kesho nina kipindi saa moja asubuhi.