La Vie est belle: zamani nilimfuata Papa Wemba, leo ninamfuata Kabibi

Filme La Vie est belle niliiona mara ya kwanza nikiwa kijana, hapa Bukavu, kwenye kaseti ya jirani. Ilitoka mwaka 1987, wakati inchi yetu iliitwa Zaïre. Waliiongoza Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy.

Wakati ule macho yote yalikuwa kwa Papa Wemba. Anacheza Kourou, mwanamuziki maskini anayetoka kijijini, anafika Kinshasa, anakuwa boyi wa tajiri Nvouandou, na anapenda msichana Kabibi. Lakini tajiri naye anamtaka: mganga amemwambia aoe bibi wa pili, bikira, ili nguvu zake za kiume zirudi. Tulicheka sana. Kwetu ilikuwa hadithi ya maskini anayemshinda tajiri kwa muziki, basi.

Mwezi uliopita niliiangalia tena pamoja na binti yangu wa miaka 16. Pepe Kalle, anayeonekana humo, alituacha mwaka 1998. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan mwaka 2016. Kuwaona wakiimba kuliniuma roho. Halafu, mimi nikicheka, binti akauliza: "Papa, Kabibi mwenyewe nani alimuuliza?"

Sikuwa na jibu. Kabibi anatafutwa kama dawa ya ugonjwa wa mwanaume. Na Mamou, bibi wa kwanza, ambaye sisi vijana tulimuona kama mama wa makelele tu, ana haki kabisa ya kukasirika. Sasa ndipo ninaelewa uzuri wa mapenzi ya Kourou: hana franga za kumnunua mtu, anabaki tu kupenda na kungoja apendwe.

Wengine watasema ni mchezo wa kuchekesha. Ni kweli, na bado ninacheka. Lakini Sheria yetu ya familia ilitoka mwaka ule ule wa 1987, na inadai kila mmoja akubali ndoa yeye mwenyewe. Pamoja na hayo, katika kartiye zetu bado kuna familia zinazopatana juu ya ngombe na dola, msichana akiwa jikoni, hajaulizwa neno.

Wazazi, itafuteni filme hii tena. Iangalieni pamoja na watoto wenu, na wakiuliza, musiwanyamazishe.