Tusikariri Tu Matabaka ya Dunia

Muulize mwanafunzi wa kidato chochote ni nini kilicho ndani ya dunia, naye atakujibu upesi: ganda, kisha tabaka la kati, kisha kiini. Lakini ukimwuliza watu walipataje kuyajua hayo, atanyamaza.

Kimya hicho hakinipendezi. Toka hapa tulipo mpaka katikati ya dunia ni kilometa 6,371 hivi, wala hakuna mtu aliyefika huko. Warusi walianza kuchimba shimo katika rasi ya Kola mwaka wa 1970. Mwaka wa 1989 walifika mita 12,262, wakashindwa kwenda chini zaidi, maana joto lilikuwa kama digrii 180. Shimo hilo, pamoja na sifa zake zote, halikufika hata sehemu moja katika mia tano za safari, wala halikulitoboa ganda lenyewe.

Basi habari za ndani zililetwa na nani? Zililetwa na matetemeko. Ardhi inapotikisika hutoa mawimbi yanayopenya chini kabisa, na mitambo ya nchi za mbali huyaandika. Liko wimbi la namna moja, lile la kutikisika ubavuni kama kamba, ambalo halipiti katika kitu kilicho majimaji. Wataalamu walipoona kwamba wimbi hilo halivuki kiini, wakajua kuwa sehemu yake ya nje imeyeyuka. Kisha Bibi Inge Lehmann wa Denmaki alichungua maandishi ya tetemeko la New Zealand la mwaka wa 1929, na mwaka wa 1936 akatoa hoja kwamba ndani ya kiini mna kiini kingine. Bibi huyo hakushika jembe wala sururu.

Yafaa tufundishwe hivyo, hasa sisi tunaokaa kandokando ya Bonde la Ufa. Julai 2007 ardhi ilitikisika karibu na Ziwa Natron, hata Nairobi watu wakasikia; Septemba yake mlima Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la Kagera liliua watu, likabomoa nyumba nyingi, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya hata zikafungwa kwa muda. Siku kama hiyo aliyekariri majina hana faida nayo. Aliyefundishwa jinsi wimbi linavyokwenda ataukagua ukuta wa nyumba yao: je, utavumilia kutikiswa ubavuni?

Wengine watasema mtihani wataka majina. Ni kweli, na majina hayo hujifunzwa kwa siku mbili. Wala hatuhitaji mitambo ya fedha nyingi. Kamba ya kurukia na beseni la maji vyatosha kuanzia. Walimu wetu wa jiografia wakikubali, muhula ujao tutoke nje siku moja tukajaribu, na Siku ya Wazazi tuwaonyeshe baba na mama zetu pia.