Mtoto wa Butembo Anajua Kukata Maneno

Wapo wazazi na walimu, Butembo na Beni, wanaoamini kwamba msamiati huingia kichwani kwa njia moja tu: kukariri. Mwanafunzi akiambiwa alikate neno, atafute mzizi wake na viambishi vyake, wanaona anapotezewa muda. Nimezisikiliza hoja zao kwa heshima na sikubaliani nazo.

Wanasema kwanza kwamba kuchambua maneno ni kazi ya chuo kikuu. Lakini mtoto wa Butembo ambaye bado hajashika kalamu anasema mutu na batu, katoto na tutoto. Hakuna aliyemfundisha kwamba ka- hupunguza umbo na tu- ni wingi wake. Anavibandika mwenyewe, hata kwenye neno alilolisikia leo asubuhi. Mwalimu amwonyeshe tu anachokifanya tayari, kisha ampeleke mbele: lima, kilimo, mkulima, limisha. Baadaye, Kifaransa kinapokuwa lugha ya masomo, atakutana na agriculture, apiculture, pisciculture na sylviculture. Kwa anayekariri, hayo ni maneno manne magumu. Kwa aliyeonyeshwa kwamba culture ni kulima au kutunza kitu kikue, na kwamba vipande vya mbele vimetoka Kilatini, agri shamba, api nyuki, pisci samaki, sylvi msitu, ni neno moja lenye vichwa vinne. Akikuta horticulture, atauliza swali moja tu: horti ni nini? Ni bustani.

Hoja ya pili inaniuma zaidi: eti Kiswahili chetu kimevunjika, hakina kanuni, kwa hiyo hakuna cha kuchambua. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na hiki cha kwetu kina mpangilio wake. Tunasema bitabu badala ya vitabu, na bi- hiyo haitokei ovyo. Tunasema "anaendaka sokoni" kwa mtu mwenye desturi ya kwenda, na "anaenda sokoni" kwa aliye njiani sasa. Tofauti yote imebebwa na -ak- hiyo ndogo. Kiswahili sanifu hueleza desturi kwa hu-: huenda sokoni. Mwanafunzi akiambiwa kwamba hu- ya kitabuni inafanya kazi ya -ak- ya nyumbani, amekwisha kuelewa, wala hajadharauliwa.

Na Kinande, lugha yetu nyingine ambayo baadhi ya shule huifukuza mlangoni, hakimzuii mtoto hata kidogo. Omundu na abandu vimekaa sambamba na mutu na batu. Erilima ni kulima: eri- imekaa mahali pa ku-, mzizi ni uleule. Mtoto anayeingia darasani na Kinande anaingia na ngeli kichwani, mwalimu apende asipende.

Wengine husema maneno ya hospitali ni ya madaktari, raia hana haja ya kuyakata. Hapa naomba tukumbuke. Tarehe 1 Agosti 2018 mlipuko wa Ebola ulitangazwa, Mangina ikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza kukumbwa. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 2,287 kufariki, na Beni, Butembo na Katwa ziliumia sana. Miezi hiyo tuliishi na maneno ya Kifaransa: contact, cas suspect (anayeshukiwa kuugua), cas confirmé (aliyethibitishwa kuugua). Contact lina con-, yaani pamoja, na tact, kugusa. Kiswahili kinasema jambo hilohilo kwa gusa na gusana: -an- ndiyo inayoleta ule upamoja. Basi kuitwa contact ni kuitwa mtu aliyegusana na mgonjwa, anayefuatiliwa siku 21, naye huenda asiugue kabisa. Aliyeweza kulikata neno hilo alijua kwamba hajahukumiwa.

Kiswahili nacho kina visu vyake vikali. Ameambukiza na ameambukizwa vinatofautiana kwa w moja, na w hiyo ndiyo inayosema nani aliupeleka ugonjwa na nani aliupokea. Familia inaweza kulaumiwa bure kwa sababu ya herufi hiyo isiyosikika vizuri. Sioni somo la sarufi lenye uzito kuliko hili.

Hoja ya mwisho ni kwamba mzizi hudanganya. Hii ina ukweli ndani yake, na wapenzi wa mbinu hii wasiikwepe. Kitabu hakina tabu ndani yake. Ni neno la Kiarabu, na ki- yake iligeuzwa kiambishi na Kiswahili chenyewe, ndipo tukapata vitabu na bitabu. Riposte, neno lililozitaja timu za kupambana na Ebola, halikujengwa kwa re- na poste. Limetoka Kiitaliano, risposta, yaani jibu. Hata chanjo: mzizi wake ni chanja, kutia mikato kwenye ngozi, nao hausemi lolote juu ya kinga ambayo sindano huuachia mwili. Kwa hiyo anayekata neno hana budi kurudi kwenye sentensi na kuuliza kama maana aliyoipata inakaa humo. Isipokaa, afungue kamusi au amuulize anayejua. Lakini kukariri nako hudanganya, tena bila kumpa mwanafunzi njia ya kugundua kwamba amedanganyika.

Mwalimu wa Butembo, mwalimu wa Beni, kabla ya kuandika ubaoni maana ya neno jipya, liandike neno lenyewe na umpe mtoto chaki. Mwache alikate kwa sauti, kwa Kinande, kwa Kiswahili cha nyumbani au kwa Kifaransa, kisha alipime ndani ya sentensi. Maana yako mwenyewe iandike baada ya yake.