Kodi ya Machi, Mahindi ya Julai

Mwezi Machi, duka la rejareja pale Katandala, mjini Sumbawanga, huuza zaidi kwa daftari kuliko kwa fedha taslimu. Sabuni, chumvi, lita ya mafuta ya kupikia: vyote vinaandikwa pembeni ya jina la mteja, na mteja mwenyewe ni mkulima ambaye mahindi yake bado yamesimama shambani kule Laela au Matai. Atalipa akishauza. Mwezi huohuo mwenye duka anatakiwa awe amewasilisha makadirio ya kodi ya mwaka mzima na kulipa awamu ya kwanza kabla ya Machi 31 kupita.

Awamu ya pili ni Juni 30, ya tatu Septemba 30, ya nne Desemba 31. Ratiba hiyo ni moja kwa wote wanaofunga hesabu kwa mwaka wa kalenda, awe muuza simu wa Kariakoo au muuza bati wa Namanyere. Lakini Kariakoo wateja hawakatiki, na huku Ufipa, mkoani Rukwa, fedha hufuata mvua. Mvua huanza Novemba na kukatika karibu na Mei, mahindi yanakauka, na magunia huanza kushuka mjini kwa wingi kuanzia Julai, wakati Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, nao wanapoanza kununua. Hapo ndipo daftari la madeni linapofutwa, bati zinanunuliwa na pikipiki mpya zinaonekana barabarani. Kufikia wakati huo mfanyabiashara ameshadaiwa nusu ya kodi ya mwaka.

Mjadala wa tarehe za kodi unapoibuka, sikio la wengi huenda kwenye ritani, yaani taarifa ya mwisho ya mapato ya mwaka, ambayo kwa anayefunga hesabu Desemba hutakiwa ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata. Kusogeza tarehe ya ritani ni msaada kwa mhasibu. Kwa mwenye duka, tarehe ya malipo ndiyo yenye uzito, na hizo ni tarehe mbili tofauti. Wamarekani walilionja jambo hili. Mwaka 2020, wakati wa korona, mamlaka yao ya kodi ilisogeza ritani kutoka Aprili 15 hadi Julai 15, ikasogeza pamoja nayo awamu mbili za makadirio, ya Aprili na ya Juni. Mwaka uliofuata ritani ikasogezwa hadi Mei 17, lakini awamu ya kwanza ikabaki Aprili 15 palepale. Aliyesikia tangazo nusunusu alijikuta anadaiwa.

Ritani ikisogezwa peke yake, tatizo jingine linazaliwa. Makadirio ya mwaka mpya hujengwa juu ya hesabu za mwaka uliopita, na kadiri hesabu hizo zinavyochelewa kufungwa ndivyo mtu anavyoendelea kulipa kwa kubahatisha. Tena Ufipa kubahatisha kuna gharama. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na bei ikaporomoka katika mikoa inayozalisha kwa wingi, Rukwa ikiwamo. Aliyekadiria Machi akitegemea wateja wenye fedha alifika Juni na namba isiyofanana tena na duka lake.

Kinachohitajika ni uzito wa awamu kufuata msimu kwa wafanyabiashara wa mikoa ya kilimo. Chukua mwenye kodi ya shilingi 600,000 kwa mwaka. Leo anatoa 150,000 kila awamu. Angeweza kutoa 60,000 Machi, 90,000 Juni, kisha 225,000 Septemba na 225,000 Desemba. Jumla ni ileile, na ndani ya mwaka uleule. Serikali itasema mwaka wake wa fedha unafungwa Juni 30 na makusanyo ya nusu ya pili yatapungua. Ni kweli, lakini pengo hilo ni la mwaka wa kwanza tu, kwa sababu kinachokosekana Juni kinaingia Septemba, na kuanzia hapo kila mwaka wa fedha unabeba awamu zake nne. Na kama hofu ni udanganyifu, risiti za mashine ya EFD zinaonyesha mauzo yalipanda mwezi gani.

Hilo linahitaji Bunge. Lipo jingine lisilohitaji hata kikao kimoja cha Dodoma: sheria ya kodi ya mapato inamruhusu mlipakodi kurekebisha makadirio yake katikati ya mwaka hali ikibadilika. Wengi pale sokoni hawalijui. Wanalipa namba ya Machi kwa kukopa, au wanakaa kimya hadi riba iwafikie. Ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, mkoani ikipita Sumbawanga, Namanyere, Matai na Laela mwezi Mei, na fomu za marekebisho mkononi, awamu ya Juni italipwa kwa hesabu ya biashara iliyopo.