Ngamia wa Usiku: Jina la Ukoo na Amana Yake



Majina ya koo zetu za mwambao ni kama milango ya kale ya Lamu: kila siku twaingia na kutoka, wala hatusimami kuyasoma yaliyochongwa juu yake. Mtoto akiuliza, "Mama, jina letu lina maana gani?" wengi wetu humjibu kwamba ni jina la mababu, basi. Wiki hii natulitazame jina moja ambalo maana yake huwashangaza hata baadhi ya walio nalo.

Majina ya koo ni ya namna nyingi. Yako yanayotaja mahali, kama Shirazi. Yako yanayotaja kabila, kama Mazrui. Na yako yanayoanza kwa Ba, kama Bawazir na Basheikh, ambayo kwa desturi ya Hadhramaut huonyesha kizazi cha mtu fulani. Lakini jina la masharifu wa Jamalilail halitaji mahali, wala kabila, wala kazi. Latokana na maneno mawili ya Kiarabu, jamal na layl, na maana yake ni "ngamia wa usiku".

Wako wanaodhani kuwa maana yake ni "uzuri wa usiku". Kosa hilo latokana na irabu moja. Katika Kiarabu, jamal kwa irabu fupi ni ngamia, na jamaal kwa irabu ndefu ni uzuri. Tuandikapo kwa herufi za Kirumi, urefu wa irabu hupotea, na ngamia akageuka kuwa uzuri pasi na mtu kukusudia.

Na kwa nini ngamia? Waarabu wana msemo kwamba fulani ameufanya usiku kuwa ngamia wake, yaani ameupanda usiku mzima kwa safari, kwa kazi au kwa ibada, asilale. Lakabu hii alipewa Sayyid Muhammad bin Hasan wa Tarim, Hadhramaut, na wana wa ukoo husimulia kwamba sababu yake ni kukesha kwake katika ibada. Hakupewa kwa mali wala kwa cheo. Alipewa kwa jambo alilolifanya wakati watu wamelala.

Kutoka Hadhramaut kizazi chake kilienea katika bahari yetu ya Hindi. Wengine walishika njia ya mashariki, na huko Malaysia ukoo huo, ambao huko huandikwa Jamalullail, umetawala jimbo la Perlis tangu mwaka 1843. Wengine walielekea Ngazija, katika visiwa vya Komoro, na kutoka huko akaja Lamu Habib Swaleh, mwanachuoni aliyeasisi Msikiti wa Riyadha. Jina ni moja. Kwa mmoja limekaa kwenye kiti cha ufalme, kwa mwingine limekaa juu ya mkeka wa darasa.

Habib Swaleh hakuufanya usharifu wake kuwa ukuta. Aliwafundisha na watumwa na wanyonge, wakati ambapo wengi katika mji waliona elimu kuwa haki ya mabwana. Hapo ndipo jina lilipofanya kazi yake. Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufundisha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba mbora wetu mbele ya Allah ni mcha Mungu zaidi. Basi anayejisifu kwa jina la ukoo bila ya kuifanya kazi iliyolizaa, amebakiwa na herufi tu.

Neno hili lawahusu sana akina mama. Suratul Ahzab, aya ya 5, yaagiza watu wanasibishwe kwa baba zao, na katika desturi yetu mwanamke akiolewa haliachi jina la babake. Siku hizi baadhi ya mabinti wakijaza fomu za afisini hulifuta jina la baba na kuandika la mume. Vizazi viwili vikipita, wajukuu hawaujui ukoo wa bibi yao. Na ukoo usiojulikana huleta dhara: jamaa huoana wasijue kwamba ni ndugu wa kunyonya, na warithi hupata taabu mbele ya Kadhi kwa kuwa jina la cheti cha mmoja halilingani na la nduguye.

Basi, wazazi wenzangu, fanyeni haya kabla wazee wetu hawajatutoka. Mketini na bibi, mumuulize jina la babake, la babu yake na la mamake, na mji waliotoka. Bibi ndiye ajuaye nani alimnyonyesha nani. Tafuteni hati za ndoa, mikataba ya mashamba na kurasa za mwanzo za misahafu ya zamani, ambamo wazee walizoea kuandika tarehe za kuzaliwa. Liandikeni jina la ukoo mara moja kwa herufi za Kiarabu, pamoja na irabu zake, ili maana isipotee. Kisha mkubaliane juu ya namna moja ya kuliandika kwa Kirumi, na kila mtoto anayezaliwa aandikwe vivyo hivyo.

Mkiisha kuijua maana, waulizeni watoto swali moja: aliyeanza kuitwa hivi alifanya nini, nasi twafanya nini katika hayo? Jina ni amana. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwarithi wema waliotutangulia kwa matendo kabla ya majina. Amin.

Wabillahi tawfiq.